Madam C. J. Walker: mama mfula nguo aliyewafundisha wanawake kutunza nywele zao nyumbani

Katika mji wa Manono, jimbo la Tanganyika, mitindo mipya ya nywele inafika kwa telefone kabla ya kufika kwa saluni. Msichana anaona picha ya mwanamitindo aliyepita jukwaani huko Paris ao Lagos, anamuonyesha dada yake ao jirani, wananunua meshi sokoni, wanatandika mkeka kivulini na kuanza kusuka. Kazi inaweza kuchukua siku ya posho nzima. Mtindo ukitoka vizuri, kila mtu anauliza ni nani aliyesuka. Lakini nywele zikianza kukatika kando ya paji la uso wiki chache baadaye, mwenye kichwa anafunga kitambaa na kunyamaza.

Aibu hiyo ya kitambaa, mwanamke mmoja mweusi wa Marekani aliijua vizuri sana. Alikuwa mfula nguo, mjane, hakuwa na masomo, na nywele zake zilikatika mpaka ngozi ya kichwa ikaonekana. Kutokana na shida hiyo alijenga kiwanda, shule na jeshi la wamama wauzaji waliopita mlango kwa mlango. Alifariki mwaka wa 1919, zaidi ya miaka 100 iliyopita, na jina lake bado linatajwa kila mahali ambapo mwanamke mweusi anashika chanuo. Jina hilo ni Madam C. J. Walker.

Mtoto wa mashamba ya pamba

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 karibu na kijiji cha Delta, katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake, Owen na Minerva Breedlove, walikuwa watumwa kwenye shamba la pamba mpaka vita vya Marekani vilipomaliza utumwa. Wakubwa zake walizaliwa wakiwa mali ya mtu. Yeye, Sarah, alikuwa mtoto wa kwanza wa familia kuzaliwa huru.

Uhuru huo haukuleta chakula kingi. Familia iliendelea kulima pamba ileile, katika nyumba ya chumba kimoja. Mama yake alifariki, kisha baba yake, na Sarah alipofikia umri wa miaka 7 alikuwa yatima. Alichukuliwa na dada yake mkubwa, Louvenia, akahama naye kwenda Vicksburg, ng'ambo ya mto Mississippi. Mume wa dada huyo alikuwa mkali. Akiwa na miaka 14, Sarah aliolewa na Moses McWilliams, na baadaye mwenyewe alieleza kwamba aliolewa ili apate nyumba yake.

Tarehe 6 Juni 1885 alizaa mtoto wa kike, Lelia. Miaka miwili hivi baadaye mume akafariki. Sarah akabaki mjane wa miaka 20 na mtoto mdogo mkononi, bila shamba, bila diplome na bila mtu wa kumtegemea.

Beseni, sabuni kali na kitambaa cha kichwa

Ndugu zake wa kiume walikuwa wamehamia St. Louis, mji mkubwa wa jimbo la Missouri, ambako walifanya kazi ya kinyozi. Sarah akawafuata. Kazi aliyoipata ni ile ambayo wanawake weusi wengi wa wakati ule waliipata: kufula nguo za watu. Kwa siku aliweza kupata dola moja na nusu hivi. Kwa makuta hayo alilipa nyumba, akanunua chakula na kumtuma Lelia shuleni, maana yeye mwenyewe alikuwa amesoma miezi michache tu katika maisha yake yote.

Ni katika miaka hiyo ya 1890 nywele zake zilianza kuanguka. Sababu zake zinaeleweka leo. Nyumba za maskini hazikuwa na bomba la maji ndani, kwa hiyo watu waliosha kichwa mara chache sana, pengine mara moja kwa mwezi, na wakati wa baridi hata kidogo zaidi. Sabuni iliyotumiwa ilikuwa ileile ya kufulia, yenye magadi makali yanayochoma ngozi. Chakula kilikuwa duni na mawazo yalikuwa mengi. Ukurutu na magonjwa ya ngozi ya kichwa yalikuwa kitu cha kawaida, na nywele haziwezi kusimama juu ya ngozi yenye vidonda.

Wakati huohuo magazeti na matangazo yalikuwa yakionyesha mabibi wenye nywele ndefu zilizoinuliwa juu na kuvimbishwa kama mto. Huo ndio uliokuwa mtindo wa wakati ule. Katika kanisa la St. Paul la Waafrika Wamethodisti, Sarah alikaa kwenye benchi moja na wamama waliosoma, walimu na wake za wachungaji, waliovaa vizuri na kutengeneza nywele vizuri. Wamama hao walimsaidia sana. Pia walimuonyesha kwamba mwanamke mweusi anaweza kujiheshimu kwa namna anavyojitokeza mbele za watu. Mfula nguo huyo alitaka kuwa kama wao, na kitambaa cha kichwa kilimkumbusha kila siku kwamba bado hajafika.

Mama mwingine aliyetangulia

Hadithi nyingi zinasema kwamba Walker aligundua kila kitu peke yake. Si hivyo. Mwanamke mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone, alikuwa amehamia St. Louis mwaka wa 1902 na dawa yake ya kukuza nywele. Hakuwa na duka kubwa. Yeye na wasaidizi wake walipita nyumba kwa nyumba, wakaosha kichwa cha mama mwenye nyumba bure, wakampaka dawa, na mama huyo akijiona kwenye kioo, akanunua. Sarah alikuwa mmoja wa waliotumia dawa hiyo, na kisha akawa mmoja wa wauzaji wake.

Baadaye wawili hao walikuwa wapinzani wakubwa wa biashara, kila mmoja akidai kwamba njia ni yake. Annie Malone naye alipata mali nyingi, akajenga chuo cha urembo St. Louis kilichoitwa Poro, na alifariki mwaka wa 1957. Historia imemsahau kidogo. Ni haki kumtaja, kwa sababu ufundi wa nywele mara nyingi unapita hivyo: mmoja anamshika mwenzake mkono, anamfundisha, na mwanafunzi anaondoka na ufundi.

Denver, mwaka wa 1906

Mwaka wa 1905 Sarah alihamia Denver, mji wa milima katika jimbo la Colorado, ambako mke wa ndugu yake aliyefariki alikuwa akikaa na watoto wake. Alifanya kazi ya kupika na kufula, na jioni alichanganya mafuta yake mwenyewe. Alikuwa akisimulia kwamba usiku mmoja aliota ndoto: mtu mkubwa mweusi alimtokea na kumuambia vitu vya kuchanganya, na kwamba kimoja kati ya vitu hivyo kilitoka Afrika. Hadithi hiyo ilipendwa sana na wateja wake.

Mchanganyiko wenyewe haukuwa wa ajabu. Ulikuwa na vazelini, nta ya nyuki, mafuta ya nazi, salfa na manukato ya kufunika harufu ya salfa. Salfa ilikuwa dawa ya ngozi iliyojulikana tangu zamani. Kwa lugha rahisi, dawa yake ilituliza ngozi ya kichwa, na ngozi ikipona, nywele zilipata nafasi ya kuota.

Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu aliyejua kazi ya matangazo ya magazeti. Kuanzia hapo Sarah akajiita Madam C. J. Walker. Neno Madam lilikuwa na harufu ya Ufaransa, nchi ambayo kila mtu aliiona kuwa mama wa mitindo. Pia lilimzuia mzungu yeyote kumuita kwa jina lake la kwanza kama mtumishi wa nyumbani. Picha yake mwenyewe, kabla na baada ya kutumia dawa, iliwekwa kwenye matangazo. Watu waliona nywele zilizokuwa zimeisha na nywele zilizorudi, juu ya kichwa kilekile.

Mume alifikiri kwamba faida ndogo ya Denver inatosha. Mke hakukubali. Alipanda treni na kuzunguka majimbo ya kusini, akihubiri dawa yake makanisani na majumbani, wakati Lelia alibaki Denver kutuma mizigo kwa posta. Ndoa hiyo iliisha mwaka wa 1912. Jina la Walker alibaki nalo.

Kazi yenyewe ilifanyika namna gani

Mwanamke aliyejifunza kwa Walker hakupewa kopo la mafuta tu. Alipewa utaratibu. Kwanza ni kuosha kichwa mara kwa mara, na sabuni inayofaa nywele, si ya kufulia. Pili ni kukanda ngozi ya kichwa kwa vidole. Tatu ni kupaka dawa kwenye ngozi na kuchana kwa brashi kwa bidii. Mwishoni kabisa, kama mteja alitaka, chanuo cha chuma kilichopashwa moto kilipitishwa ili nywele zilale na kung'aa.

Karibu kila hatua ya utaratibu huo iliweza kufanyika jikoni. Haikuhitaji umeme. Ilihitaji maji safi, beseni, kitambaa, brashi, na chanuo kinachopashwa juu ya jiko la makaa. Mwanamke wa kijijini ambaye hatakanyaga saluni ya New York maisha yake yote aliweza kupata sura ya kupendeza siku ya kanisa, akitengenezwa na jirani yake aliyejifunza kazi.

Mwaka wa 1908 Walker alifungua shule Pittsburgh, akaiita Lelia College kwa jina la binti yake. Wengine walijifunza kwa barua, kwa dola 25. Aliyemaliza alipata cheti na ruhusa ya kuuza. Wengi wao walikuwa wafula nguo, wapishi na watumishi wa nyumbani, watu waliopata makuta machache tu kwa wiki. Sasa walikuwa na kazi ambayo hakuna bwana wa nyumba aliyeweza kuwafukuza. Walker aliwaambia daima kwamba yeye hauzi urembo peke yake, anafungua mlango kwa mwanamke mweusi kushika mfuko wake.

Mwaka wa makampuni mawili

Mwaka wa 1910 Walker alihamia Indianapolis, mji wenye njia nyingi za reli zilizorahisisha kutuma mizigo. Huko alinunua nyumba, akajenga kiwanda, saluni na chumba cha mafunzo. Mwaka uliofuata kampuni iliandikwa rasmi serikalini. Avoka wake, Freeman Ransom, aliongoza biro. Wakubwa wengi wa kazi walikuwa wanawake weusi.

Kwa msomaji wa Manono, mwaka huo wa 1910 una maana nyingine. Ndio mwaka ambao kampuni ya Géomines ilianzishwa Ubelgiji, ile ambayo ilikuja kuchimba bati la Manono na kujenga mji. Kampuni ya wabelgiji ilichukua utajiri kutoka chini ya ardhi, na faida ikaenda mbali. Kampuni ya Walker ilianza na vazelini, nta na mikono ya wanawake, na sehemu ya faida ilibaki kila siku katika jikoni ambamo kazi ilifanyika. Haimaanishi kwamba madini si kitu. Inamaanisha kwamba mwanamke anayesuka nywele kwenye parsele yake naye ana biashara mkononi, na biashara hiyo inastahili kuhesabiwa.

Walker alianza pia kutoa. Mwaka wa 1911 aliahidi dola 1000 kwa ujenzi wa nyumba ya vijana weusi ya YMCA mjini Indianapolis. Watu walishangaa, maana hawakuwa wamezoea mwanamke mweusi kutoa kiasi hicho.

Alisimama bila kuitwa

Mwaka wa 1912, umoja wa wafanyabiashara weusi wa Marekani ulikutana Chicago. Mkubwa wake alikuwa Booker T. Washington, kiongozi mweusi mwenye nguvu kuliko wote wakati ule, mwanzilishi wa shule ya Tuskegee. Wakongomani wana sababu ya kumkumbuka kwa heshima, kwa sababu aliandika na kusema wazi kupinga ukatili wa mfalme Leopold II na mpira wa Kongo. Lakini kwa mambo ya nywele alikuwa mgumu. Aliona kwamba biashara hiyo inawafundisha watu weusi kuiga wazungu, na hakutaka kuipa nafasi.

Walker aliomba kusema, akanyimwa. Siku ya mwisho alisimama mwenyewe kutoka kwenye kiti chake. Alieleza mbele ya wanaume wote kwamba ametoka katika mashamba ya pamba ya kusini, akapanda mpaka kwenye beseni la kufulia, kutoka hapo mpaka jikoni, na kutoka jikoni alijipandisha mwenyewe mpaka kwenye biashara, na kwamba kiwanda chake kimesimama juu ya ardhi yake. Alieleza pia tamaa yake ya kujenga shule ya kazi za mikono Afrika, mfano wa Tuskegee. Mwaka uliofuata Washington alimualika awe mmoja wa wasemaji.

Mwaka wa 1913 Walker alisafiri Jamaika, Kuba, Haiti, Kosta Rika na Panama, akauza na kufundisha. Kisha akahamia New York, katika mtaa wa Harlem, ambako binti yake alikuwa amefungua saluni nzuri sana. Lelia, ambaye baadaye alijiita A'Lelia, alipenda mavazi ya kifahari na vilemba, na watu wa Harlem walimtazama kama wanavyotazama leo wanamitindo. Mtoto wake wa kulea, Mae, alikuwa na nywele ndefu nzito zilizosukwa, na sura yake ilitumiwa kwenye matangazo ya kampuni. Mama alileta kazi, binti akaleta mtindo.

Mkutano wa Philadelphia

Mwaka wa 1917 wauzaji wa Walker walikutana Philadelphia kwa mkutano wao mkubwa wa kwanza. Wajumbe zaidi ya 200 walifika. Ulikuwa moja kati ya mikutano ya kwanza ya wanawake wafanyabiashara katika Marekani nzima, na wote walikuwa wamama wa chanuo na beseni. Zawadi zilitolewa kwa waliouza zaidi, na pia kwa waliosaidia zaidi maskini wa mahali pao.

Hawakuzungumza nywele tu. Mwezi wa Julai mwaka uleule, watu weusi wengi walikuwa wameuawa na makundi ya wazungu huko East St. Louis. Walker alishiriki katika kutayarisha maandamano ya kimya mjini New York, na alikwenda na wajumbe wengine mpaka ikulu ya Rais Woodrow Wilson. Rais hakuwapokea. Mkutano wa wamama wa nywele ukamtumia Rais telegramu, wakimuomba serikali yake ikomeshe mauaji ya watu weusi bila hukumu. Mwaka wa 1919, siku zake za mwisho, Walker aliahidi dola 5000 kwa kazi hiyohiyo ya kupinga mauaji.

Kunyoosha ao kutunza?

Jambo moja linarudi kila mara jina lake likitajwa: wengine wanamlaumu kwamba aliwafundisha wanawake weusi kuchukia nywele zao. Inaomba kutenganisha mambo.

Chanuo cha moto hakikuwa uvumbuzi wake. Kilikuwa kikiuzwa kabla yake, hata kwa wazungu waliotaka kunyoosha ao kupinda nywele. Yeye alikitumia katika utaratibu wake, na wanawake wengi walikitaka. Lakini hakutaka wauzaji wake waitwe wanyoosha nywele. Aliwaita walezi wa nywele, kwa sababu kwake kazi ya kwanza ilikuwa ngozi yenye afya. Na wakati wa uhai wake kampuni haikuuza mafuta ya kujichubua, ingawa biashara hiyo ilikuwa na faida kubwa. Mafuta ya namna hiyo yaliingia kwenye orodha ya kampuni baada ya kifo chake.

Mambo hayo mawili yanagusa moja kwa moja meza za kosmetike za masoko yetu, ambako kopo la defrizan na kopo la mafuta ya kujichubua vinakaa pamoja. Walker alikubali kupamba, akakataa kubadilisha rangi ya mtu.

Tena, wakati Sarah alipokuwa bado anafula nguo Missouri, nchi ya Baluba haikuwa na haja ya mwalimu wa mitindo kutoka nje. Kwa Baluba wa zamani nywele zilikuwa kazi ya saa nyingi, pengine ya siku kadhaa. Mitindo mingine ilishuka nyuma ya kichwa kwa ngazi, kama maji ya mto yanavyoanguka juu ya mawe. Ili kazi hiyo isiharibike usiku, watu walilaza shingo juu ya kiegemeo cha mti kilichochongwa. Viegemeo hivyo leo viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani, na vingine vimechongwa sura za wanawake wenye nywele hizohizo. Wachongaji wa Kiluba walihakikisha kwamba mtindo hausahauliki. Wabunifu wa majukwaa ya leo bado wanakopa kutoka vichwa vya Afrika, mara nyingi bila kutaja mwenye mali.

Nyumba juu ya mto Hudson

Mwaka wa 1918 Walker alihamia katika jumba lake jipya, Villa Lewaro, huko Irvington, juu ya mto Hudson, karibu na majumba ya matajiri wakubwa wa Marekani. Aliyelichora alikuwa Vertner Tandy, mchoraji majengo mweusi. Majirani wazungu walishangaa kusikia mwenye jumba ni nani. Yeye alisema alitaka vijana weusi waone kile ambacho mmoja wao ameweza kufanya.

Hakulifaidi sana. Shinikizo la damu lilikuwa limeharibu figo zake. Waganga walimuambia apumzike, akaendelea kusafiri. Masika ya mwaka wa 1919 aliugua akiwa St. Louis, mji uleule alikofula nguo, akarudishwa nyumbani kwa treni. Alifariki Villa Lewaro tarehe 25 Mei 1919, akiwa na miaka 51.

Mara nyingi anaitwa mwanamke wa kwanza wa Marekani kupata milioni ya dola kwa kazi yake mwenyewe. Hesabu ya mali aliyoacha ilikuwa karibu dola 600 000, kiasi kikubwa mno kwa wakati ule, hata kama si milioni kamili. Katika barua yake ya urithi aliandika kwamba theluthi mbili za faida ya kampuni ya miaka ijayo zitaenda kwa shule, makanisa, mayatima na kazi za kusaidia. Binti yake aliendesha kampuni mpaka alipofariki mwaka wa 1931. Kampuni ilikuwa imefungua jengo lake kubwa Indianapolis mwaka wa 1927, lenye ukumbi wa sinema, saluni na maduka, na jengo hilo bado limesimama.

Alichoacha kwa mwenye kusuka nyumbani

Mchanganyiko wake si wa kuiga. Kupima salfa na kemikali nyingine si kazi ya sufuria ya nyumbani. Kitu kinachoigwa ni utaratibu: ngozi kwanza, mtindo baadaye.

Kwa mwanamke anayetaka kutengeneza nyumbani mtindo aliouona jukwaani, utaratibu huo unamaanisha mambo machache. Kichwa kioshwe na kukauka kabla ya meshi kuingia. Ngozi ipakwe mafuta kidogo na kukandwa, si kufunikwa tu. Misuko isivutwe mpaka macho yanyooke. Msuko unaouma siku ya kwanza unang'oa nywele polepole kwenye mizizi, zaidi sana kando ya paji la uso, na ukirudiwa miaka mingi, nywele hizo zinaweza kukosa kuota tena. Meshi nzito zisikae miezi bila kufunguliwa, na kichwa kipate siku za kupumzika kati ya mtindo mmoja na mwingine. Defrizan ina kemikali zinazoweza kuchoma ngozi, kwa hiyo isiwekwe juu ya kidonda ao siku moja baada ya kufumua misuko, wala isiwekwe kwa mtoto. Na watoto wa shule, ambao vichwa vyao bado ni laini, wasukwe misuko mikubwa isiyobana.

Jambo la mwisho linahusu mkono unaosuka. Katika Manono, kama katika Kalemie, Kongolo ao Nyunzu, kuna wamama na wasichana ambao vidole vyao vinajua kusoma picha ya telefone na kuitoa ilivyo juu ya kichwa cha mtu. Mara nyingi wanalipwa kwa sabuni, kwa sahani ya bukari, ao kwa asante. Walker alipokea wanawake wa namna hiyo, akawapa cheti, akawafundisha kupanga bei, kuandika hesabu na kuweka akiba, akawaita wafanyabiashara. Wengi wao walinunua nyumba na kusomesha watoto kwa kazi iliyoanzia kwenye kiti cha jikoni.